Mkurugenzi wa Kanamkemer

Akeno alipata habari kwamba yeye ni mkurugenzi wa kampuni siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, mikono yake imejaa magamba ya samaki. Alikuwa amechuchumaa nje ya nyumba yake kule Kanamkemer, mtaa wa Lodwar, akisafisha sato waliotoka ziwani Longech ili awakaange kabla ya wanafunzi kutoka shule, simu ikaanza kulia kwenye pindo la shuka. Mumewe alikuwa amemkataza kupokea nambari asizozijua, akisema ni matapeli watupu. Lakini mumewe hakuwepo, na Akeno hakuwa mtu wa kukatazwa na asiyekuwepo.

"Ninaongea na mkurugenzi?" iliuliza sauti ya mwanamke.

"Hapana. Hii ni namba ya samaki."

Akakata. Simu ikalia tena.

"Madam, wewe si ndiye Akeno Lomorukai?"

"Ndiyo mimi."

"Basi wewe ndiye mkurugenzi. Mimi naitwa Jeptoo, nasimamia mradi wa soko la akina mama hapa Kakuma. Alhamisi tunakagua vile vibanda vyenu. Meneja wako kila mara anakuja peke yake, na kila nikimwuliza mkurugenzi yuko wapi ananiambia uko Nairobi, kwa mkutano. Safari hii usipokuja mwenyewe kuweka saini, hakuna malipo."

Akeno aliwatazama samaki wake. "Nairobi mimi sijawahi kufika," akasema.

"Njoo Alhamisi," Jeptoo akasema, na ilisikika wazi kwamba alikuwa anajizuia kucheka.

Akeno aliosha mikono na kumwendea mama mkwe wake, bibi kizee ambaye mtaa mzima ulimwita Ata, nyanya. Ata alikuwa ameketi kivulini akitafuna tumbaku, macho kwenye barabara, kazi aliyoifanya kwa bidii tangu magoti yamkatae.

"Ata, wanasema mimi ni mkubwa wa kampuni."

"Kampuni ya nini?"

"Ya kujenga vibanda vya majani, Kakuma."

Ata akatema mate pembeni. "Hiyo ni kazi unajua. Sasa nani anajenga?"

"Sijui, Ata. Mimi ni mkubwa tu."

*

Mumewe Lomorukai alirudi saa sita na mfuko wake wa faili. Zamani alikuwa dereva wa shirika moja, na shirika lilipofunga ofisi yeye alibaki na mfuko huo, mashati mawili ya mikono mirefu na mazoea ya kuamrisha. Tangu hapo alijiita mkandarasi. Alipoona mkewe hajamwekea chakula, na mama yake ameacha kutazama barabara na sasa anamtazama yeye, alijua kumeharibika.

"Baba Ewoi," Akeno akasema, "mkutano wa Nairobi umeisha. Nimerudi."

Hapo hapakuwa na njia ya kuzunguka. Lomorukai alikaa kwenye kigoda chake na kueleza. Kuna tenda zimetengwa, alisema, za kampuni za wanawake, za vijana na za walemavu. "Mimi si mwanamke, ujana uliisha, na miguu yangu ni mizima. Ningefanya nini? Nikaandikisha kampuni kwa jina lako. Kila mtu Lodwar anafanya hivyo. Wewe hukosi kitu, ni jina tu."

"Ile karatasi uliniambia ni ya bima ya hospitali?"

"Ya bima ilikuwa hapo ndani pia."

"Na pesa ya kuanza hiyo kazi ulitoa wapi?"

Lomorukai alianza kupanga faili upya. Aliziweka za kijani juu ya nyekundu, kisha nyekundu juu ya kijani. Akeno alimngoja. Halafu akajua hata kabla ya kujibiwa, maana nyumba ile ilikuwa na mali moja tu ya kuuzwa.

"Mbuzi zangu ulisema ziko Todonyang," akasema polepole. "Kwa ndugu yako Esekon. Ulisema huko kuna majani."

"Ilibidi."

"Juzi uliniambia moja imezaa mapacha!"

"Nilitaka ufurahi," Lomorukai akasema, na la ajabu ni kwamba alikuwa anasema kweli.

Mbuzi wenyewe walikuwa kumi na mmoja. Kwa desturi mifugo ni ya mwanamume, lakini mke anapoingia nyumbani hutengewa mbuzi wa maziwa wa nyumba yake, na maziwa hayo ni yeye anayeyagawa. Mume mwenye akili hawauzi bila kumwambia. Kwa miezi miwili mwanawe Ewoi na mdogo wake walikuwa wakinywa chai ya rangi, na Ata vilevile, na Akeno alikuwa akiwatuliza kwa habari za majani mabichi ya Todonyang. Sasa alijiona mjinga, na hasira ilimpanda hadi machoni. Hakulia. Aligeuza samaki kwenye karai, mmoja mmoja, mpaka akaiweza sauti yake.

"Zitarudi lini?"

"Alhamisi tukipitishwa, ndani ya siku saba tunalipwa. Nakununulia ishirini na mbili. Wewe utakaa tu kama mkurugenzi. Ukiulizwa kitu, sema ndiyo, halafu sema meneja ataeleza. Unaweza?"

"Ndiyo," Akeno akasema. "Meneja ataeleza."

Ata alicheka mpaka tumbaku ikampalia.

*

Siku ya Alhamisi walipanda lori la Garad, msafirishaji Msomali aliyekuwa amewakopesha nguzo na usafiri na ambaye alikuwa akienda Kakuma na unga. Akeno alikaa mbele, katikati ya wanaume wawili, amevaa kitenge kipya na viatu alivyonunuliwa jana yake, vya kubana. Lomorukai alimsomesha njia nzima: vibanda ni kumi na viwili, vinane vimekwisha, vinne vimebaki. Garad alisikiliza hadi akachoka.

"Bwana, si umwache," akasema. "Mkurugenzi wa kweli huwa hajui hizo namba. Anauliza tu chai iko wapi."

Soko lilikuwa kwenye uwanja mweupe karibu na mto mkavu. Mradi ulitaka vibanda vya mtindo wa Kiturkana, fito na majani ya mkoma, kwa sababu chini ya bati la Kakuma saa nane mchana hata nyanya zinapikika zenyewe. Akeno alishuka kwenye lori, akavua viatu, akatazama. Kisha akatazama tena, akidhani labda jua ndilo linalomchezea.

Majani yalikuwa yamekatwa mabichi na kupigiliwa misumari. Yalilazwa kuanzia juu kushuka chini, hivyo kila safu ilifungua mdomo kuelekea mbinguni, na milango yote ilitazama kule upepo unakotoka. Hakuna kamba hata moja. Jani likikauka hunywea, tundu la msumari hupanuka, na siku upepo wa mchana utakapoamka vizuri, paa lote linaondoka. Msichana wa miaka kumi kwao angechapwa kwa kazi ile.

Mafundi walikuwa watano kutoka Kitale, hodari wa matofali na mabati, waliofanya walichoambiwa. Hao mtu hawezi kuwalaumu. Lakini Lomorukai amezaliwa ndani ya nyumba ya majani na kulala humo miaka arobaini na mitatu! Shida ni kwamba kwao nyumba ni kazi ya mwanamke, tangu kukata fito hadi kufunga mlango, na mwanamume akionekana ameshika jani atatungiwa nyimbo. Kwa hiyo kazi ile ilipoandikwa kwenye karatasi, ikapigwa mhuri na kutiwa bei, Lomorukai hakuitambua tena. Aliona ujenzi, na kwake ujenzi ni mafundi, na mafundi ni wanaume. Kumwuliza mkewe hakukumpitia kichwani, kama ambavyo asingemwuliza daktari wa mifugo habari za injini.

Jeptoo alikuwa mwanamke mfupi mwenye kofia pana, na pembeni yake walisimama akina mama wa soko na mwenyekiti wao, Nyaruach, mkimbizi kutoka Sudan Kusini aliyeuza chai na kisra, mikate myembamba ya mtama. Nyaruach alikuwa hana subira. Alishaingia kibanda namba tatu na kukaa, mtoto wake mchanga amelala mapajani.

"Karibu, mkurugenzi," Jeptoo akasema. "Nairobi hawajambo?"

"Ndiyo," Akeno akasema.

Lomorukai alianza kueleza kwa Kiingereza, akionyesha kwa kalamu. Alieleza vizuri sana. Jeptoo alimwacha amalize, kisha akampa Akeno karatasi. "Weka saini hapa kwamba hivi vinane viko sawa. Malipo ya kwanza yatatoka ndani ya siku saba, ya pili vinne vikiisha."

Kalamu ilikuwa ya Lomorukai, na ilikuwa na joto la mkono wake. Akeno aliishika. Siku saba! Aliona mbuzi, aliona Ewoi na kikombe. Upepo huenda usije mwezi huu, wala ujao, na ukija yeye atakuwa Kanamkemer anakaanga samaki, na jina lake litakuwa karatasi ndani ya faili. Alitaka kutia saini. Hilo lisemwe, maana baadaye watu walimfanya malaika.

"Mkurugenzi," Jeptoo akauliza, pengine kwa mazoea tu, "wewe mwenyewe unaweza kukaa hapo na mtoto wako?"

"Meneja ataeleza," Lomorukai akasema haraka.

"Nimeuliza mkurugenzi."

Akeno akamtazama Nyaruach, aliyekuwa akimfukuzia mtoto nzi kwa ukingo wa nguo bila habari na mtu. "Hapana," akasema. "Mama, toka hapo. Hii nyumba si nyumba. Upepo ikikuja itakuangukia na mtoto."

Nyaruach alitoka kama aliyechomwa. Mafundi waliacha kupiga nyundo. Akeno alivuta jani moja kwa vidole viwili, likatoka na msumari wake, akamkabidhi Jeptoo. Kisha akarudisha kalamu kwa mwenyewe, nafasi ya saini ikiwa nyeupe vilevile.

*

Lomorukai alimvuta nyuma ya lori.

"Umeniaibisha! Mbele ya mafundi, mbele ya wakimbizi, mbele ya ofisi!"

"Jina liko kwa hiyo karatasi ni la nani, Baba Ewoi? Ikianguka wataita nani?"

"Na mbuzi? Umezitupa mbuzi zako mwenyewe, unajua?"

Akeno alijua. Garad, aliyekuwa akiegemea mlango wa lori na kusikia kila kitu bila kujificha, aliingilia.

"Mimi ndiye nangoja pesa hapa, na mimi ndiye ningelia," akasema. "Lakini kibanda ikiua mtu, watauliza hii nguzo ililetwa na gari ya nani. Mama, sema. Inatengenezeka?"

"Inatengenezeka. Fito ni nzuri, nguzo ni nzuri. Tubomoe majani yote, tufunge upya. Nikipata akina mama kumi na watano, wiki mbili."

Jeptoo aliwapa wiki tatu, kwa sharti moja: mkurugenzi awe kwenye kazi kila siku. Meneja, alisema, akipenda.

Ugomvi wa pili ulikuwa wa mshahara, na huo ulifanyika hadharani. Akina mama wa Kiturkana wa Kakuma walikuja kumi na sita siku iliyofuata, wakaketi wakingoja kuambiwa. Lomorukai, aliyelala kwenye lori na kuamka amejipa moyo wa kuokoa biashara, alitangaza mia mbili kwa siku.

"Mafundi unalipa ngapi?" Akeno akauliza.

"Mia saba. Lakini wale ni mafundi. Hawa ni akina mama, wamezoea kujenga bure."

Alisema bila ubaya wowote, na wanawake kadhaa walitikisa kichwa kwa kukubali, maana ni kweli walikuwa wamezoea. Kule kukubali ndiko kulikomwumiza Akeno zaidi ya maneno yenyewe. Alisimama.

"Mtu aliyejenga kitu cha kubomolewa umempa mia saba," akasema. "Anayejenga kitu cha kusimama utampa mia mbili? Ni mia saba kwa kila mtu. Mafundi wakitaka kubaki wachimbe mashimo, ni mia saba pia. Pesa itatoka kazi ikikubaliwa. Isipokubaliwa, mimi Akeno ndiye nitakuwa na deni yenu, nitalipa na samaki mpaka nizeeke."

"Mama Ewoi, faida itaisha!"

"Itapungua. Kuisha ni kitu ingine."

Fundi mkuu kutoka Kitale aliinua mkono kama mwanafunzi. "Sisi tunabaki," akasema. "Lakini mtuonyeshe hiyo ya kamba. Mimi hii kitu imenisumbua toka siku ya kwanza."

*

Siku ya tatu Ata alifika. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amesikia Kanamkemer kwamba mwanawe amejenga nyumba kichwa chini, akamsimamisha Garad barabarani kwa fimbo na kudai kiti cha mbele. Alishushwa na watu wawili, akazungushwa vibanda vyote, akakaa.

"Nilikuzaa ndani ya nyumba nimefunga kwa hii mikono," akamwambia Lomorukai. "Miaka yote hukuinua macho hata mara moja, uone kitu gani kinakuzuia jua?"

Lomorukai aliinamia faili zake. Mtu atamjibu nini mama yake mbele ya wanawake kumi na sita?

Tangu hapo Ata alikuwa mkaguzi. Majani yalilowekwa, yakapangwa kuanzia chini kupanda juu, kila safu ikiifunika ya chini yake, na kufungwa kwa kamba za miyaa zilizolowa ambazo zikikauka hukaza kuliko waya. Ata alichomeka fimbo kwenye kila fundo, na lililolegea alilikata. Nyaruach na wenzake walikuja kusaidia kusiliba udongo kwenye kuta za chini, wakaanza kubishana na Waturkana kuhusu milango.

"Kwetu mlango inaangalia njia ya ng'ombe," Nyaruach akasema.

"Kwani utauzia ng'ombe chai?" mmoja akamjibu, na hapo ubishi ukafa kwa kicheko. Milango ilihamishiwa upande wa pili, migongo ya vibanda kwa upepo, na kila mtu alidai wazo lilikuwa lake.

Akeno alijifunza kitu kuhusu ukubwa: kwamba kila mtu anakuletea swali. Fito zimekwisha, mkurugenzi. Fulani na fulani wamegombania beseni, mkurugenzi. Siku za kwanza aligeuka nyuma kila alipoitwa, akimtafuta huyo mkurugenzi. Baada ya wiki akawa anajibu kabla hawajamaliza. Alilala kwa Nyaruach, alipiga simu nyumbani kwa jirani kuwauliza watoto kama wamekula, na alikuwa na hofu kila asubuhi kabla ya chai. Baada ya chai hakuwa na nafasi ya hofu.

Lomorukai naye? Kwa siku nne alikaa kwenye kigoda chake pembeni, faili magotini, amenuna. Esekon alimpigia simu kutoka Todonyang kuuliza kama ni kweli ameandikwa kazi na bibi yake, na Lomorukai akasema mtandao ni mbaya. Lakini majani yalihitaji maji, na kisima kilikuwa mbali. Siku ya tano alikodi bodaboda bila kumwambia mtu, akarudi na mitungi minne. Alisisitiza kwamba hagusi majani, analeta maji tu, na maji si nyumba. Wanawake walimtungia wimbo hata hivyo. Ulikuwa wimbo wa kumsifu, ukiusikiliza vizuri, ingawa ulikuwa na sehemu moja kuhusu shati la mikono mirefu. Na majani yalipopungua, ni yeye aliyekwenda kuongea na Garad kwa saa nzima, akabembeleza, akaapa, akataja hata marehemu baba yake, hadi lori likaenda mto Turkwel kwa mkopo mwingine. Kwa kuongea hakuna aliyemfikia, na Akeno alimwambia hivyo mbele ya watu. Alifurahi hadi akasahau kununa.

Upepo ulikuja siku ya kumi na sita, saa tisa mchana, na vumbi lake lote. Vibanda kumi na kimoja vilikuwa tayari. Cha kumi na mbili, ambacho ni namba tatu cha zamani, kilikuwa bado na misumari yake kwa sababu zamu yake haijafika. Watu walijifunika nyuso na kukaa chini. Kulisikika mlio wa kitu kinachong'olewa, paa la namba tatu likainuka zima zima, likapita juu ya uwanja na kutua juu ya lori la Garad. Vumbi lilipotulia, vibanda vingine vilikuwa vimesimama pale pale, majani yakitikisika kidogo tu. Nyaruach alikitazama kibanda kilichobaki uchi, mahali alipokuwa amekaa siku ile na mtoto. Alimshika Akeno mkono na kuung'ang'ania.

*

Namba tatu nacho kilipofungwa upya, Jeptoo alipitisha kazi yote kwa siku moja. Pesa iliingia, na hapo Lomorukai akajikumbuka. Asubuhi walipokwenda benki Lodwar alivaa shati lililopigwa pasi, akatangulia mlangoni, akakaa kwenye kiti cha mbele ya karani. Njiani alikuwa amekwisha kueleza mpango: biashara inataka gari, kuna Probox moja inauzwa vizuri, mbuzi wanaweza kungoja tenda ijayo.

"Na wewe mzee, ni nani kwa hii akaunti?" karani akamwuliza.

"Mimi ni meneja."

"Hapa hakuna jina la meneja."

Lomorukai akakohoa. "Basi mimi ni bwana yake."

"Sawa, bwana yake. Wanaosubiri wana viti pale nje."

Akeno angeweza kusema neno la kumwokoa. Alifikiria mapacha wa Todonyang, akaichukua kalamu. Aliweka saini mara tatu, kwa mwandiko wa polepole wa mtu aliyeishia darasa la tano, na karani hakumharakisha.

Alilipa akina mama kwanza, kila mmoja mkononi, halafu mafundi, halafu Garad na paa la lori lake. Mwisho alimwita Lomorukai na kumpa mshahara wa siku kumi na mbili za maji, mia saba kwa siku, kama wengine. Lomorukai alisema hajawahi kudharauliwa namna hiyo tangu azaliwe. Kisha akauliza kwa nini si siku kumi na tatu, maana Jumapili moja alikwenda mara mbili. Akeno akaongeza. Probox haikutajwa tena siku hiyo.

Mbuzi walinunuliwa Kakuma, kambini kwa wakimbizi, kwa msaada wa Nyaruach aliyejua nani anauza na nani anadanganya umri. Walikuwa kumi na mmoja, wanne wenye maziwa tayari. Walishushwa Kanamkemer siku ya Jumamosi asubuhi, na mtaa ukaja kutazama. Ewoi alikunywa vikombe viwili akiwa amesimama, akatapika kidogo, akaomba cha tatu.

Lomorukai alitoka ndani na kisu. Hakuwa na ubaya, ni kazi ya mwenye boma. Kila mwanamume ana alama yake ya masikio aliyoachiwa na baba yake, na ya Lomorukai ilikuwa mkato wa pembeni kwenye sikio la kushoto na ncha ya kulia kuondolewa. Hawa wa kambini walikuwa na masikio mazima, maana kule watu hufuga mbuzi wawili watatu kwa kamba mlangoni na hakuna haja ya kuwatambua. Alimkamata wa kwanza kwa pembe.

"Mwache," Akeno akasema.

"Lazima nikate. Mbuzi bila alama ni mali ya nani? Ikipotea tutadai na nini?"

"Mwache, Baba Ewoi."

"Sasa unataka nikate alama ya nani? Mwanamke hana alama!"

Ilikuwa kweli. Msichana mifugo yake ni ya alama ya baba, akiolewa ni ya alama ya mume, na Ata aliyekaa pale kivulini alikuwa ameishi miaka themanini bila kuwa na mkato wake kwenye sikio la kitu chochote chenye uhai. Akeno alijikuta hana hasira, alikuwa na uchovu tu na uhakika.

"Kanamkemer yote kila mbuzi imekatwa," akasema. "Mimi sina alama, basi zangu zisiwe nayo. Achia hiyo mbuzi."

Lomorukai alimtazama mama yake, akitarajia msaada. Ata alikuwa amenyoosha kikombe, akidai aongezwe maziwa. Akaachia pembe. Alizunguka nyumba mara moja na kisu chake, akarudi, akakiweka juu ya paa na kusema kwamba watu wa Lodwar watacheka, na yeye asilaumiwe.

Walicheka, kwa siku nne au tano. Wiki ya pili mbuzi mmoja alipotea. Akeno alimtafuta hadi mtoni bila kumpata, na Lomorukai alijitahidi sana asiseme alichokuwa akitamani kusema. Kesho yake adhuhuri akaja mzee mmoja wasiyemjua, kutoka upande wa pili wa mji, anamvuta mbuzi yule kwa kamba ya katani. Lomorukai alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda chake. Aliinuka, akapangusa suruali, akanyoosha mkono kuipokea kamba.

Mzee hakumpa. "Ejok," akamwamkia, kisha akachungulia ndani ya nyumba, juu ya bega lake. "Nimeletea yule mama masikio mzima. Mwenyewe yuko?"

Lomorukai alibaki na mkono wake hewani. Alimtazama mzee, akamtazama mbuzi. Halafu akashusha mkono, akageukia mlangoni na kuita, kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia.

"Mwenyewe! Unaitwa huku."